Bwawa la Itare: nani angeshika ufunguo wa lango?

Nakuru, mji wa Bonde la Ufa nchini Kenya, ina maji mengi kupita kiasi, ila si ya kunywa. Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limekuwa likipanda. Lilimeza lango kuu la zamani la mbuga, likavuka ua, na kufikia 2020 lilikuwa limeingia nyumbani kwa watu kule Mwariki na Barut. Mtu aliyehamishwa na maji ya magadi bado ilimbidi jioni yake amtafute mwenye mkokoteni wa punda amuuzie mtungi wa lita 20 wa kupikia.

Hayo ni ya juu. Chini ya ardhi nako hakuna nafuu kubwa. Maji ya bomba mjini hutoka kwa sehemu kubwa kwenye visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, vya Baharini na Kabatini vikiwa ndivyo vinavyojulikana zaidi, na miamba ya Bonde la Ufa ina floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bondeni huzidi hapo. Floridi ikizidi wakati mtoto anaota meno ya ukubwani, meno hutoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyafuti wala mkaa hauyafuti. Wengi wetu tuliokulia huku hatuhitaji kitambulisho; tukicheka tu, mtu wa Mombasa anajua tumetoka wapi. Tena kisima kirefu kinakula stima. Pampu ikilala, mji unalala na kiu. Pampu ikiamka, bili ya stima nayo imeamka.

Kwa hiyo lilipokuja wazo la kujenga Bwawa la Itare na kuteremsha maji kutoka milima ya Mau, halikuhitaji kupigiwa debe Nakuru. Nalisema hili mapema kwa sababu katika mabishano ya Itare watu husahau kwamba shida yenyewe ilikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 570,674 katika mji wa Nakuru, na tarehe 1 Desemba 2021 mji ukapewa hadhi ya jiji. Hadhi ilikuja kabla ya maji.

Mradi wenyewe

Mto Itare huanzia kusini magharibi mwa Msitu wa Mau na kupita Kuresoi, eneo lililo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850. Hesabu ya wahandisi ilikuwa ya kuvutia: jenga ukuta wa mita 57 kuzuia mto, toboa mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 14, kisha maji yatashuka kwa mteremko kupitia Molo, Njoro na Rongai mpaka mjini. Ahadi ilikuwa lita milioni 100 kwa siku kwa watu 800,000. Ukigawanya unapata lita 125 kwa kila mtu, yaani mitungi sita na kitu. Kwa familia ya mitaa ya Kaptembwo au Rhonda inayohesabu mitungi kama inavyohesabu sarafu, hiyo ni habari ya kumfanya mtu aache kula asikilize.

Mambo mawili yaliupa mradi huo uzito. La kwanza, maji ya msitu hayana floridi ya bondeni. La pili, mteremko haudai stima. Kampuni ya maji inayotumia mteremko inaweza kuuza kwa bei ya chini bila kufilisika, na hiyo ndiyo ndoto ya kila meneja wa maji niliyewahi kumsikia akizungumza. Anayesema Itare lilikuwa wazo la kipumbavu tangu mwanzo hajawahi kulipa bili ya stima ya pampu.

Gharama iliyozoeleka magazetini ni shilingi bilioni 38. Fedha zilitokana na mkopo uliotafutwa Italia, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Italia, CMC di Ravenna. Kwa upande wetu mwenye mradi alikuwa bodi ya huduma za maji ya Rift Valley, ambayo baada ya Sheria ya Maji ya 2016 ilipisha njia kwa wakala wa ujenzi wa miundombinu ya maji wa Rift Valley ya Kati, wenye makao Nakuru. Kazi ilianza, mashine zikafika Kuresoi, vijana wakapata ajira, wenye malori na wauzaji wa kokoto na vyakula wakapanuka.

Mwaka 2018 kazi ikazorota, kisha ikasimama. Desemba mwaka huohuo CMC di Ravenna iliomba ulinzi wa mahakama nchini Italia dhidi ya wadai wake. Kazi ilikuwa haijafika hata theluthi. Wazabuni wadogo waliouza kwa mkopo walibaki na karatasi mkononi. Mashine zilianza kuota kutu, na vilivyoweza kubebwa vikaanza kubebwa.

Kwa wengi kisa kinaishia hapo: kampuni ya kigeni ilifilisika ikatuachia shimo. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Hata kama CMC ingekuwa tajiri kama mfalme, Itare ingefika mahali ikakwama, kwa sababu kulikuwa na swali moja ambalo halikujibiwa mbele ya watu kabla tingatinga halijawashwa.

Mlima unaogawa maji

Ukisimama kwenye kilele cha Mau upande wa Kuresoi mvua ikinyesha, tone linaloangukia upande mmoja wa kigongo huelekea Molo na Njoro, hushuka bondeni na kuishia kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Tone la upande wa pili linaingia Itare, linapita katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, linajiunga na mito mingine na kuwa Sondu, linapita Nyakach na kumwagika Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. (Na kutoka hapo, kwa subira, Misri.)

Kigongo hicho kiko ndani ya Kaunti ya Nakuru. Hilo ndilo lililowaponza wapangaji. Kwa ramani ya kaunti, bwawa liko Nakuru na maji yanaenda Nakuru, basi shida iko wapi? Kwa ramani ya maji, bwawa liko katika bonde la Ziwa Viktoria Kusini na linapeleka maji katika bonde la Rift Valley. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde sita ya maji, na mipaka yake haikuchorwa kufuata kura wala kabila, ilichorwa na mvua. Wakala wa Nakuru ulikuwa unajenga juu ya mto ambao watumiaji wake karibu wote wako chini ya wakala mwingine, wenye makao Kisumu, na katika kaunti nyingine: Kericho, Bomet, Nyamira, Kisumu, Homa Bay.

Wakazi na viongozi wa pande hizo walipoanza kupiga kelele, Nakuru tuliwaona kama watu wenye choyo. Maji yanapita mbele ya nyumba yao yanaenda ziwani, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, wanatunyima mtungi? Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo kwenye matatu, kwa sauti kubwa, nikashangiliwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hoja yao haikuhusu ziwa. Ilihusu mwezi wa Februari.

Chukua hesabu hii. Lita milioni 100 kwa siku ni karibu lita 1,160 kwa sekunde, mitungi 58 kila ukipepesa jicho. Sasa linganisha na mtambo wa umeme wa Sondu Miriu, ulioko chini kwenye mto huohuo, wenye uwezo wa megawati 60. Mtambo huo ukifanya kazi kwa nguvu zake zote unameza karibu mita za ujazo 40 kwa sekunde. Kwa hiyo Itare ingechukua kama asilimia 3 ya kinachohitajika pale. Mwezi wa Mei, mto ukiwa umefura na rangi ya chai ya maziwa, hakuna ambaye angeona tofauti.

Lakini mtambo wa Sondu hauna bwawa kubwa la kuhifadhi. Unategemea maji yanayopita siku hiyo. Februari mto unapokonda, kila mita ya ujazo ina jina la mtu: anayenywesha ng'ombe, anayekausha chai, anayeendesha mashine, mwanamke wa Nyakach anayeteka kwa ndoo. Maji ya Sondu yakishatoka kwenye mtambo huingia mtambo wa pili, Sang'oro, wa megawati 21, uliojengwa kuyatumia tena. Ukitoa mita moja huko juu wakati wa kiangazi, unaitoa mara mbili katika umeme.

Hapa kuna kichekesho kisichochekesha. Sondu Miriu ulijengwa kwa mkopo kutoka Japani. Itare ulianzishwa kwa mkopo kutoka Italia. Taifa moja, mto mmoja, mikopo miwili, na kila mkopo uliandikiwa karatasi zake kana kwamba mwingine haupo. Mlipakodi wa Nakuru analipia yote miwili. Wa Nyakach pia.

Lango la chini

Bwawa lolote lililojengwa vizuri lina lango chini ya ukuta la kuachia maji yaendelee na mto. Fundi akilifungua kidogo, mto ulio chini unaishi. Akilifunga, unakufa. Na bwawa kwa kawaida hukusanya maji ya masika. Kwa maana hiyo Itare ingeweza kabisa kuwafaidi watu wa chini. Lingedaka mafuriko ya Mei yanayopotea, kisha Februari liachie maji zaidi kuliko mto ulivyokuwa ukitoa wenyewe. Hiyo si ndoto ya mshairi. Mabwawa hufanya hivyo, yakiambiwa yafanye hivyo.

Ndiyo maana nasema ugomvi wote ulikuwa juu ya namba moja. Ni lita ngapi kwa sekunde lazima zitoke chini ya ukuta wa Itare kila siku ya kiangazi, hata kama Nakuru ina kiu? Nani anashika ufunguo wa lango? Na mtu wa Kericho anaweza kwenda wapi kusoma mita na kujua kama ameibiwa?

Sheria haikuwa bubu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia kaunti huduma za maji na usafi, lakini linaipa serikali ya taifa ulinzi wa maji, usalama wa mabwawa, na kuhakikisha kwamba maji ya kutosha yanabaki mtoni. Rudia hayo maneno: maji ya kutosha yanabaki. Walioandika Katiba walijua kwamba siku moja mtu atasimama juu ya mto na bomba mkononi. Chini ya Katiba kuna sheria ya maji inayotambua akiba, sehemu ya mto isiyogawiwa mtu yeyote kabla mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe havijatimizwa. Kanuni za 2007 zikataja hata kipimo: akiba isipungue kiwango ambacho mto hukifikia au kukizidi siku 95 kati ya 100. Na kibali cha kuhamisha maji kutoka bonde moja hadi jingine kimewekwa katika daraja D, la juu kabisa, pamoja na yale yanayogusa mito ya kimataifa. Itare iligusa yote mawili.

Basi kama sheria ilikuwepo, kilichokosekana ni nini? Kwa maoni yangu, kilichokosekana ni mtu wa kuichukua namba hiyo kutoka kwenye ripoti ya mhandisi na kuiweka juu ya meza katika baraza la wazee wa Kericho na Nyakach, kwa lugha yao, kabla ya mkataba wa ujenzi kutiwa sahihi. Tuna mazoea ya kufanya ushirikishwaji wa umma kama tunavyokata utepe. Watu wanakaa chini ya hema, wanapewa soda, jina na namba ya simu vinaandikwa kwenye daftari, mkutano umefanyika. Anayeuliza “mtaacha lita ngapi?” anaambiwa wataalamu wamelishughulikia. Mtu akijibiwa hivyo haondoki na imani, anaondoka na uhakika kwamba kuna kinachofichwa. Baada ya hapo hata ukimletea namba ya kweli atakuona mwongo.

Mwanasiasa naye hapotezi nafasi. Hofu isiyo na namba ni mtaji wake. Juu ya mto akaambia watu kwamba majirani wanawanyima maji, na chini ya mto akaambia watu kwamba Sondu itakauka kabisa. Wa juu na wa chini hawakuwa na haja ya kupima chochote.

Mkopo uliofungwa na mtu

Nirudi kwenye kampuni. Mkopo wa namna ya Itare ni kama kununua ng'ombe kwa masharti kwamba mchungaji wake lazima awe binamu ya muuzaji. Fedha zinatoka nchi fulani kwa sababu kazi inakwenda kwa kampuni ya nchi hiyo. Una faida yake: mkopo unapatikana haraka, na huhangaiki kutafuta pesa kwanza kisha mkandarasi baadaye. Lakini binamu akiugua, huwezi kumwita mchungaji mwingine asubuhi yake. Kumbadilisha mkandarasi ni kuugusa mkopo, na kuugusa mkopo ni kuamsha mabenki, wadhamini na mawakili wa mabara mawili. Wakati huo kilichokwisha kuchotwa kinadai riba yake, liwe na bwawa au lisiwe. Na tunalipa kwa yuro. Mwaka 2018 yuro moja ilikuwa karibu shilingi 120. Miaka michache baadaye ilivuka 150. Ukuta haukuongezeka hata tofali moja, deni likanenepa.

Kisha kikaja kivuli cha Arror na Kimwarer. Mabwawa hayo mawili ya Elgeyo-Marakwet yalikuwa ya mkandarasi huyohuyo, na Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, pamoja na wengine walifikishwa mahakamani kwa ajili yake. Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akaufuta mradi wa Kimwarer. Kesi ilikwenda mpaka Desemba 2023, mahakama ikawaachilia Rotich na wenzake. Itare halikuwa katika mashtaka hayo, lakini jaribu kuwa ndugu wa mshukiwa katika kijiji kimoja uone kama kuna atakayekukopesha sufuria. Hakuna ofisa ambaye angetia sahihi ya kuendeleza bwawa la tatu wakati mawili yako kortini. Uoga wa kutia sahihi nao ni gharama, ingawa hauandikwi kwenye bajeti.

Ipo pia hoja ya sheria iliyobadilika njiani, ambayo huwa haitajwi. Mradi ulizaliwa chini ya mfumo wa bodi za Sheria ya Maji ya 2002. Ukakua wakati kaunti zimeshachukua huduma za maji. Ukakwama wakati bodi zinageuzwa kuwa wakala. Serikali ya taifa inakopa na kujenga, wakala anasimamia, kaunti inapokea, kampuni ya maji ya mji inauza, mwananchi analipa. Kila mmoja ana kipande. Nakuru ilikuwa inangoja bwawa ambalo si lake, kwa deni ambalo haikulisaini, juu ya mto ambao hauishii kwake. Ukimuuliza kila mmoja kwa nini mradi umekwama atakujibu kweli tupu kuhusu mwenzake.

Tulipokuwa tukingoja

Kitu kinachoniuma zaidi ni kile ambacho Itare ilituzuia tusikione. Kwa takwimu za WASREB, msimamizi wa kampuni za maji nchini, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotiwa kwenye mabomba ya Kenya hayalipiwi. Yanavuja chini ya lami, yanaibwa kwa viunganishi vya usiku, au yanapita kwenye mita zilizokufa zamani. Kiwango kinachovumilika kwa vipimo vyao ni robo. Mji wenye kiu unaomwaga mitungi 40 kati ya 100 hauanzi kwa kutoboa mlima. Unaanza kwa fundi bomba, mita mpya na kijana mwenye kifaa cha kusikiliza uvujaji saa nane za usiku.

Lakini nani atakata utepe wa uvujaji uliozibwa? Hakuna jiwe la msingi la kuweka, na helikopta haina pa kutua. Mbunge akisema “nimewaletea bwawa” anaeleweka. Akisema “nimewapunguzia maji yasiyolipiwa kutoka 40 hadi 25” hata mke wake atapiga miayo. Bajeti hufuata makofi.

Na hata bwawa lililokamilika si maji. Tazama Chemususu, kule Baringo upande wa Eldama Ravine, ambalo Nakuru pia ilikuwa imeahidiwa sehemu yake. Ukuta ulikwisha, maji yakajaa, mabomba ya kuyashusha kwa watu yakachelewa kwa miaka. Kulikuwa na ziwa zuri la kupigia picha. Kujenga ukuta ni kazi ya mkataba mmoja mkubwa. Kusambaza ni kazi ya mikataba midogo mingi, njia za kupita kwenye mashamba ya watu, fidia, tangi za mitaani, vioski, mita. Ni kazi isiyo na picha.

Nisieleweke vibaya. Kuziba uvujaji peke yake hakutoshi Nakuru. Jiji linakua kuelekea Kiamunyi, Lanet na Free Area kwa kasi ambayo visima haviifikii, na floridi haizibwi kwa spana. Siku moja maji ya mteremko yatahitajika. Ninachosema ni kwamba mpango wenye busara ungekuwa na ngazi: kwanza kuokoa yanayomwagika, kisha kufikisha ya Chemususu, kisha kuzungumza na watu wa Sondu ukiwa na rekodi mkononi ya kuonyesha kwamba wewe si mfujaji. Mtu anayekuja kukuomba maji huku bomba lake linamwaga barabarani, utampa?

Mlango umefunguliwa tena

Machi 2023 Rais wa Italia, Sergio Mattarella, alizuru Kenya, na Rais William Ruto akatangaza kwamba nchi hizo mbili zimekubaliana kuachana na kesi kati ya serikali na mkandarasi ili Itare, Arror na Kimwarer vifufuliwe. Mjini habari ilipokewa kwa shangwe kidogo na mabega mengi yaliyoinuliwa. Wenye mikokoteni ya punda hawakuonekana wakiuza punda.

Kufufua si kuendelea pale ulipoachia. Handaki lililokaa miaka bila kazi linahitaji kukaguliwa upya, maana udongo wa Mau hausubiri mtu. Bei ya saruji na chuma si ya 2017. Vipimo vya mto navyo vimezeeka. Tangu michoro ichorwe kumekuwa na miaka ya mafuriko makubwa na miaka ya ukame mkali, na mtu akihesabu akiba ya mto kwa rekodi za zamani tu atakuwa anagawa mto wa jana.

Kuna njia ya kuanza isiyohitaji yuro hata moja. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina kazi ya kupima mito. Iweke kituo cha kupimia chini kidogo ya mahali ukuta utakapokuwa, na kingine Sondu, na namba za kila siku zisomeke kwenye simu ya mtu yeyote, kuanzia sasa, kabla hakujawa na bwawa. Vyama vya watumiaji maji vya Kericho na Nyakach vipewe nafasi ya kuzihakiki. Baada ya viangazi viwili au vitatu, watu wa juu na watu wa chini watakuwa wanabishana juu ya karatasi moja. Kisha kiasi cha kuachiwa kiandikwe ndani ya kibali chenyewe, pamoja na adhabu ya kukivunja. Funguo za lango ziwe mbili: moja kwa wakala wa Nakuru, moja kwa kamati ya bonde ambayo watu wa Ziwa Viktoria Kusini wana viti.

Nilimweleza hayo rafiki yangu mmoja anayeishi London, ile ya Nakuru si ya Uingereza, ambaye maji yake huja Jumanne na Ijumaa, akijaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho akimimina maji kutoka mtungi hadi pipa. Kisha akaniuliza Februari nitakuwa na upande gani, nyumbani kwake kukiwa kukavu na lango la Itare likiwa wazi likimwagia Sondu. Nikamwambia lango libaki wazi. Akacheka akaniambia basi nianze kumletea mtungi mmoja kila Jumatano.